Nyumba ya Watoto Wawili Tu

Saa tano usiku Selina alikuwa bado amekaa jikoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu mapajani, akingoja mumewe aseme nyumba imepatikana au haijapatikana. Mtaa wao wa Mabatini, Mwanza, ulianza kunyamaza. Chumbani watoto wake wanne walikuwa wamelala: mapacha Kulwa na Doto, wenye miaka kumi, kwenye godoro la chini; wadogo wawili, Kashindye na Princess, kitandani.

Mumewe Ndalahwa alikuwa na wiki ya sita Geita. Kiwanda cha samaki alichokitumikia miaka tisa kilipunguza watu, akapata kazi kwenye karakana ya mitambo huko, mkoa mwingine. Walikubaliana kwamba shule zikifunga tu familia nzima inahama. Na kwa kuwa yeye Selina ndiye atakayeshinda na watoto katika huo mji mgeni, aliandika maswali matano kwenye daftari la Doto, akayapiga picha, akamtumia mume. Bomba liko umbali gani. Mtoto anavuka barabara ngapi kwenda shule. Dawati moja wanakaa wangapi. Zahanati usiku ina mtu? Jirani ni watu au ni baa? Hakuna hata moja lililojibiwa. Alichotumiwa ni picha ya swichi ya taa.

Saa tano na nusu simu ikatetemeka.

"Nyumba nimepata. Vyumba viwili na sebule, umeme upo. Ila mwenye nyumba hataki zaidi ya watoto wawili. Nimeongea na mama, Kulwa na Doto watakaa kwake Magu kwa muda. Usiku mwema."

Alisoma mara tatu. Usiku mwema! Mtu anakugawia watoto kama mafungu ya dagaa, halafu anakutakia usiku mwema. Na kumbe alishaongea na mama yake kabla ya kuongea na aliyewazaa.

Hilo "kwa muda" ndilo lililomkata zaidi, kwa sababu Selina alilijua. Yeye mwenyewe aliachwa kwa bibi yake akiwa na miaka mitano, kwa muda, mpaka wazazi wapate nafasi nzuri mjini. Nafasi nzuri ilichukua miaka minane. Siku mama yake alipokuja kumchukua, Selina alikimbia ndani, akatoa kigoda cha wageni, akakipangusa vumbi na kumkaribisha kwa heshima zote. Mama yake akakaa juu ya kigoda kile akalia. Selina hakuelewa mgeni analia nini. Alimaliza darasa la saba, akajifunza cherehani, akaolewa, akawa anashona sare za shule kibarazani kwake, na katika yote hayo hakuwahi kumwita yule mwanamke "mama" bila kwanza kujikumbusha.

Asubuhi alimtumia mumewe ujumbe kwamba anakwenda, kisha akagonga kwa jirani yake Paskazia, akamwomba akae na watoto mpaka jioni.

"Unakwenda wapi na uso huo?" Paskazia aliuliza.

"Geita. Kuna mwenye nyumba anataka watoto wawili tu."

"Heee! Basi mpelekee wote wanne, awapange mstari, achague mwenyewe kama anavyochagua nyanya. Awabonyeze na mashavu."

"Usinichekeshe, dada. Nikicheka nitalia."

Basi lilipofika daraja la Busisi abiria walitoa simu wakapiga picha ziwa. Selina hakugeuza shingo. Alikuwa anayapanga maneno.

Alipofika Geita yote yakamtoka, maana Ndalahwa hakuwa peke yake stendi. Alikuwa na dalali, Jonathan, mwanaume wa Mbeya mwenye simu mbili na funguo ambazo hazikuwa zake.

"Shikamoo, mama," alisema Jonathan. "Mambo yamekaa vizuri. Tukifika pale tunasema wawili. Hao wengine mnaweza kuwaleta baadaye, kidogo kidogo, kama wageni. Mtu akishaingia, nani atamtoa?"

"Wanangu waingie kwao kama wezi?"

"Si wezi, mama. Ni mbinu." Akamgeukia Ndalahwa. "Na wewe kaka, usimwite Mama Kulwa mbele ya yule bibi mwenye nyumba. Kulwa kila mtu anajua ana Doto wake. Mwite kwa jina la huyo anayefuata, kama ndiye wa kwanza."

"Mama Kashindye," Ndalahwa alilijaribu jina, akafuta jasho. "Mama Kashindye. Sawa."

Selina alimtazama. Msukuma mzima, mzaliwa wa Magu, aliyempa mtoto jina hilo kwa mdomo wake mwenyewe! Aliliona kosa palepale. Akafunga mdomo, akawafuata.

Nyumba ilikuwa nzuri, hilo hakulikataa. Geti jekundu, vigae mpaka barazani, maua ndani ya makopo. Mwenye nyumba, Bi Justa, alitoka akizungusha pete ya funguo kidoleni.

"Karibuni. Huyu ndiye mama mwenyewe?"

"Ndiye. Huyu ndiye Mama Kashindye," alisema Ndalahwa, kwa sauti kubwa na kwa haraka.

Funguo zikaacha kuzunguka. "Mama nani?"

"Kashindye."

"Ndiye mtoto wako wa kwanza?"

"Ndiye wa kwanza."

Bi Justa alicheka mpaka akashika nguzo. "Wewe baba, kwenu wapi?"

"Magu."

"Magu ipi hiyo? Mimi ni wa Kwimba, usinichezee! Kashindye gani anazaliwa kwanza? Si anafuata mapacha? Kulwa na Doto mmewaficha wapi, ndani ya gunia?"

Jonathan aliangalia simu yake ya kwanza, kisha ya pili.

"Hawakufichwa," alisema Selina. "Wako Mwanza, darasa la nne. Ninao wanne, mama."

"Sasa si mngesema? Mimi nyumba yangu ina vigae. Watoto wanachora kuta, wanaziba choo, wanamwaga maji. Nataka watu watulivu."

"Wewe umezaa, mama?"

"Nimezaa sita."

"Uliwalelea wapi?"

"Tulipanga Nyegezi, vyumba viwili." Akazifumbata funguo. "Zamani watu walikuwa na huruma."

"Zamani ulikuwa na watoto. Sasa una vigae."

Geti lilifungwa, na komeo likasikika mpaka barabarani.

"Umefurahi?" Ndalahwa alimgeukia. "Lile kosa uliliona?"

"Nililiona."

"Ukanyamaza!"

"Nikanyamaza. Ulitaka nikufundishe kuwakana wanangu vizuri zaidi? Baba Kulwa, nani alikwambia hesabu ya watoto wangu inapunguzwa kwa simu, usiku, nikiwa jikoni kwangu? Kwa nini Kulwa na Doto? Kwa nini usikae wewe Magu kwa muda?"

Mwendesha pikipiki aliyekuwa akipita alipunguza mwendo ili asikie vizuri.

Ndalahwa alikaa juu ya ukingo wa mtaro. "Nyumba saba," alisema. "Saba, Mama Kulwa. Kila nikitaja wanne, mlango. Mmoja aliniuliza, na hao watoto unawafuga wapi sasa hivi. Wanafugwa! Nikarudi kulala nikaona bora niwe na wawili karibu kuliko kukosa wote. Nilishindwa kukwambia."

Hasira ya Selina haikupungua, ilihama tu. Alitazama mtaa ule wa mageti, rangi mbichi, nyaya juu ya kuta. Watu wote hawa waliwahi kuwa watoto. Wote walichora kuta za watu. Na sasa mji mzima unajengwa upya, vyumba vinaongezwa kila siku, na anayekuja na mtoto anahojiwa kama amekuja na kipindupindu.

"Kuna nyingine mbele," Jonathan alijaribu. "Pale tutasema watatu."

"Wewe kaka, nenda," alisema Selina. "Umeshatusaidia vya kutosha."

Aliteremka mpaka bombani, kwenye foleni ya ndoo, huku Ndalahwa akimfuata hatua kumi nyuma. Wanawake walikuwa watano. Aliwasalimia, akauliza bila kuzunguka: "Jamani, nyie mnaolea, mji wa kulelea watoto upande huu ni upi?"

Walimcheka kwanza. Mmoja akasema, "Hapa kwetu? Labda uwafunge kamba, malori haya hayana macho." Mwingine akasema, "Mimi wangu natamani kuwapeleka Nyamalela."

"Nyamalela kuna nini?"

"Hakuna kitu! Lami hakuna, giza likiingia ni giza kweli. Ila shule iko katikati ya makazi, hawavuki barabara. Na nesi wa zahanati anaishi palepale, ukimgongea usiku anaamka. Ananung'unika, lakini anaamka."

Ndalahwa alisogea. "Nyamalela ni mbali. Dakika arobaini kwa pikipiki. Umeme wenyewe unakatika kila siku."

"Arobaini zako wewe," alisema Selina. "Wewe ni mtu mzima, una koti."

Walikwenda. Nyamalela ulikuwa mji mdogo wa maduka kama ishirini, mashine ya kusaga na vumbi. Selina hakwenda kutafuta nyumba. Alikwenda shuleni, akaomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, akaingia vyoo vya wasichana, akahesabu matundu, akajaribu milango kama inafunga. Alichungulia darasa la nne, akaona wanne dawati moja. Si vizuri, lakini Mabatini walikuwa watano. Alipima kwa macho njia ya kutoka bombani. Baa ilikuwepo, moja, na ilikuwa mbali. Ndalahwa alimfuata, na kuna wakati Selina alimsikia akihesabu matundu kwa sauti ya chini baada yake.

Nyumba waliyoelekezwa haikuwa na plasta upande mmoja. Mwenyewe, Bi Agutu, mjane wa kutoka pwani ya ziwa upande wa Mara, alikuwa anaanika dagaa uani.

"Watoto wangapi?" aliuliza, mgongo bado umeinama.

Selina akashika kiuno. "Wanne. Mapacha wamo. Na siwapunguzi!"

Bi Agutu aliinuka taratibu. "Mbona unanifokea? Nimekutukana?"

"Nisamehe, mama. Nimetoka kubaya."

"Watoto hawajawahi kunisumbua. Wanaonisumbua ni wababa." Akamsogelea Ndalahwa, akamtazama kuanzia viatuni. "Wewe unakunywa?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo ni chupa ngapi?"

"Mbili. Jumamosi."

"Unapiga?"

"Sipigi."

Bi Agutu alimtazama Selina, na Selina akatikisa kichwa kwamba hapigi. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile baba kuhojiwa juu yake mwenyewe badala ya watoto, naye Selina hakuona sababu ya kuyafupisha mahojiano.

"Mpangaji aliyetoka," aliendelea Bi Agutu, "aliniambia mke na watoto wanakuja mwisho wa mwezi. Alikaa mwaka na nusu. Leo analala binamu, kesho shemeji, na mashemeji wote wasichana. Hiyo familia mimi sikuiona mpaka anaondoka. Sasa nakuuliza wewe, si mke wako. Watoto hawa wanakuja kweli, wote, au ni maneno ya kupatia ufunguo?"

Ndalahwa alimtazama Selina. Selina alikuwa anatazama dagaa. Hakumsaidia hata kwa kope.

"Wote," alisema Ndalahwa. Halafu, kwa kuwa yule mama bado alikuwa anangoja, akaongeza, "Nilikuwa nimepanga wawili wabaki kwa mama yangu. Nitampigia leo. Nitamwambia nilikosea."

"Mpigie sasa," alisema Selina.

Alipiga palepale, amesimama jua kali, mkono mmoja kichwani. Mama yake alimpa maneno mengi, ilionekana kwa jinsi alivyokuwa akiinamisha shingo. "Hapana, mama," alisema. "Hapana. Tunakaa nao. Wote wanne."

Bi Agutu alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akauzungusha kwenye kitasa. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua, ukagoma. Ndalahwa akauwekea bega, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ukaachia kwa kishindo, naye akaingia nao ndani, akaangukia gunia la pumba.

Selina hakusema asante. Watalipa kodi kama watu wengine. Alimruka mumewe, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma kuangalia kama dirisha lina wavu.