Mafuta Mengi kwenye Bastola Ndogo

Mwanangu, usihesabu mvi zangu. Ni chache, lakini kila moja nimeitolea jasho. Kuna Alhamisi moja ya Dubai ambayo hata leo nikiikumbuka nanyoosha mgongo.

Nilikuwa kijana wa Machakos, mlinzi wa geti kwenye kilabu cha shabaha. Nilisimama juani miaka miwili, na Julai ya kule wewe unaisikia tu, ndipo nikaingizwa ndani kwenye kiyoyozi nitunze bastola za wanafunzi. Siku hiyo hiyo nikampigia mama simu kumtangazia. Hapo tayari nilikosea, kutangaza mavuno mahindi yakiwa hayajatoa hata ua.

Kilabu kilikuwa kimeleta vifaa vya kubadilishia. Unatoa sehemu ya juu ya bastola ya kawaida, mtutu na magazini ya kutilia risasi, unaweka vingine vyepesi, na bastola ile ile inapiga risasi ndogo za bei rahisi, zisizomrusha mwanafunzi mkono. Vizuri, sivyo? Basi vyangu vilikwama. Risasi tatu, vimekwama. Tano, vimekwama. Madam, msimamizi wetu, akaniita.

"Alhamisi wanakuja akina mama wapya kutoka mtaa wa Mirdif. Vikikwama tena, khalas, mwisho, vinarudishwa, na wewe unarudi getini."

Ningemwambia nini mama? Nikawa namtangazia kila mtu kwamba vile ni vichezeo vya watoto. Mchagua jembe si mkulima, na mimi nililitukana jembe wiki nzima.

Fundi wetu wa silaha alikuwa Mganda, Mzee Kato, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Niliogopa kumuuliza, maana angejua kwamba sijui. Mficha uchi hazai. Jumanne akanikuta namimina mafuta kama tulivyozoezwa kwenye ulinzi, silaha ing'ae mkubwa akipita ajione sura. Akaichukua, akapitisha kitambaa cheupe ndani. Kikatoka cheusi tii.

"Kijana, unatunza bastola au unakaanga samaki?"

Nikaiweka chupa ya mafuta mezani.

"Risasi hizi zimepakwa nta. Nta, masizi na mafuta yako vimekuwa uji humu ndani. Risasi yenyewe nguvu yake ndogo, itausukuma uji saa ngapi?" Kisha akaliona kopo langu la risasi. "Na hizi nani amezichanganya?"

Ni mimi, mzee mzima ninayekupa nasaha leo. Nilimimina paketi za aina nne kwenye kopo moja ili meza ionekane nadhifu. Sikujua kwamba nyingine ni dhaifu, hazina nguvu ya kuirudisha ile sehemu ya juu nyuma hadi mwisho. Niliona aibu hata masikio yakapata moto.

Hakunifokea zaidi. Alileta paketi mpya za kila aina, tukazijaribu moja moja, mimi nikiandika. Aina tatu zilikwama. Ya nne ilipita risasi mia mbili bila kusita. Nikasafisha kila kifaa, nikakausha, nikaweka tone moja tu la mafuta pale aliponionyesha kwa ncha ya kalamu.

Alhamisi akina mama kumi wakajipanga. Nilisimama nyuma yao nikihesabu. Magazini ya kwanza ikaisha. Ya pili. Ya tano. Bibi mmoja mwenye wajukuu alipiga duara la katikati akaanza kucheka peke yake. Hadi wanaondoka, hakuna bastola iliyokwama hata mara moja.

Madam akamgeukia Mzee Kato. "Umefanya nini?"

"Muulize fundi mwenzangu," akasema, akaninyooshea kikombe chake cha chai.

Mwenzangu! Baadaye nilipata vyeti, hata meza yake nikairithi, lakini hakuna cheti kilichonipa furaha kama neno lile. Jioni nilimpigia mama tena, na safari hii nilikuwa na haki ya kutangaza.

Basi shika hili, mwanangu. Kitu chepesi kina masharti yake. Kabla hujakilaani, kisafishe, kipe kinachokifaa, na umuulize anayekijua, hata kama atakucheka. Usitafute mng'ao wa kumfurahisha mkubwa. Wangu ndio ulionikwamisha. Na ukiwa mkubwa wewe, usimnyime mdogo wako sifa aliyoitolea jasho.

Mola akupe kazi ya kivulini na mkubwa wa aina ya Kato, na kila utakapopitisha kitambaa juu ya kazi yako, kitoke cheupe.