Mkebe wa Kupimia Hewa

Gundi ya kuzibia pancha ina harufu kali, tamu kidogo, inayopanda puani na kukaa huko. Nikiisikia kwa mafundi baiskeli, napita haraka. Inanirudisha Kalemie, miaka ya Zaire, darasa la sita, kwenye meza ambako Mwalimu Kasongo, na abakosi yake, lile koti la enzi hizo, iliyopauka mabegani, alitufundisha kwamba hewa ina uzito.

Hatukuwa na baromita ya kupimia uzito huo. Kitabu cha Kifaransa cha Mwalimu kilikuwa na picha ya kipimo hicho, pamoja na ramani za hali ya hewa za Ulaya, zilizojaa mistari ya kuzunguka kama alama za kidole. Mwalimu hakukata tamaa. Alichukua mikebe minne ya maziwa ya unga, akafunika mdomo wa kila mmoja kwa kipande cha glovu alichoomba kwa wauguzi, akakivuta kikakaza, akakifunga kwa uzi. Katikati ya mpira huo akabandika mwisho mmoja wa kijiti cha ufagio kwa ile gundi, kijiti kikaegemea ukingo wa mkebe kama pembea, ncha yake ikitokeza nje. Mgandamizo wa hewa ukipanda, alisema, unabonyeza mpira, na ncha ya kijiti inainuka: hali nzuri. Ukishuka, ncha nayo inashuka: dhoruba inakuja.

Mikebe ilizunguka majumbani kwetu kwa zamu, kila mtu wiki moja. Asubuhi tuliandika namba, kisha darasani tukazijaza kwenye ramani ya mji, na Mwalimu akavuta mistari yake kati ya mitaa ya Kataki na Kituku na Lubuye kana kwamba ni nchi za watu. Tulimcheka sana rafiki yangu Mwayuma. Mama yake alikaanga mandazi tangu alfajiri, mkebe ukawekwa karibu na jiko, na wiki nzima nyumba yao ikawa na dhoruba ambayo hakuna aliyeiona. Mwalimu alikuna kichwa, akafuta ubao, akaendelea na somo. Laiti angekuna kwa muda mrefu zaidi.

Zamu yangu ilipofika nilivimba kichwa. Hata Papa, baba yangu, mfanyakazi wa reli, mtu mzima na ndevu zake, nilimkataza kupumua karibu na mkebe. Mama alinitania kwamba sasa nyumba yetu imepata mganga. Lakini alinisikiliza. Alikuwa mzaliwa wa Kiambi, kando ya Luvua, mto ambao ukisimama upande huu unamwona mtu wa upande ule akifua nguo. Ziwa letu la Kalemie, lisiloonyesha ng'ambo, halikumwingia akilini. Aliliogopa waziwazi wala hakuona haya kusema. Ila wiki ile mdogo wake aliyeolewa Mpala, kusini kwenye mwambao wa ziwa, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na boti lilikuwa linaondoka Alhamisi asubuhi.

Alhamisi hiyo ulivuma upepo wa baridi kutoka kusini, hata nikajifunika kitenge cha Mama kwenda dirishani. Kijiti kilikuwa kimepanda kuliko siku zote. Mama alisimama mlangoni na kikapu chake, hajaamua.

"Mukebe yako inasema nini?" aliniuliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Inasema iko muzuri sana, Mama. Enda tu."

Alinipapasa kichwa, akaenda.

Boti halikufika Mpala. Siku ya tatu Papa alirudi kutoka bandarini, akanikalisha, akaniambia moteri, ile injini ya boti, ilikufa katikati ya ziwa na boti likajaa maji. Kwenye matanga kila mtu alisema hivyo hivyo: moteri. Mwalimu Kasongo alikuja, akauchukua mkebe dirishani bila kunitazama, na masomo ya hali ya hewa yakaishia hapo. Kisha nikaona jambo jingine. Kila nilipokwenda bombani kuchota maji, wanawake wa mtaa walikatiza mazungumzo, na mmoja akaniuliza habari za shule. Nilidhani wananiona mtoto wa mkosi. Niliwachukia wote, hasa Mama Feza, jirani yetu, aliyekuwa asafiri na Mama siku ile lakini akabaki.

Nilikua, nikasomea ualimu Lubumbashi. Siku moja, nikiandaa somo la mgandamizo wa hewa, nilitengeneza mkebe kama ule. Niliushika kwa viganja viwili ili niusogeze, kijiti kikashuka. Nikauweka ndani ya beseni la maji baridi, kikapanda juu kabisa. Nilikaa chini. Hewa iliyofungiwa mle ndani ilivimba kwa joto na kusinyaa kwa baridi, basi. Mwayuma hakuwa na dhoruba, alikuwa na jiko. Na ule upepo wa Alhamisi ulikuwa dhoruba yenyewe ikitanguliza baridi yake, nami nikasoma hali nzuri.

Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Feza. Alilia kabla sijamaliza kuuliza. Mawingu yalikuwa yamejaa kusini, alisema. Yeye akashuka botini, akamvuta Mama mkono. Mama akacheka, akabaki amekaa, akamwambia: "Mutoto wangu anasoma ile mambo ku masomo. Amesema muzuri." Wavuvi walioiokota miili walieleza habari ya dhoruba, na moteri hawakuitaja. Wakati wa matanga Papa alipita nyumba kwa nyumba, mpaka kwa Mwalimu, akiwaomba waseme ni moteri, mtoto asijue kamwe. Miaka yote hiyo wanawake niliowachukia bombani walikuwa wakiuma midomo kwa ajili yangu.

Nilimkuta Papa barazani, mzee sasa. Nilimweleza kuhusu mkebe, joto na baridi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa moteri, mwana," alisema. "Ile moteri ilikuwa ya zamani."

Nilimwambia ndiyo, Papa, ilikuwa moteri. Akashusha pumzi, akaniuliza kama nimekula.