Mtungi wa Mlangoni

Jana sokoni muuzaji alimimina maji kwenye mtungi mpya kunionyesha kwamba hauvuji. Harufu ya udongo ulioloa ikanipanda puani, nikasahau bei niliyokuwa nikibishania.

Nilikuwa msichana mdogo, Geita, wakati wa kiangazi, mabati ya nyumba yetu ya Kalangalala yakilia kwa joto. Mtungi wetu ulikaa mlangoni kwa ajili ya wapita njia. Majirani waliuza maji, mama akakataa katakata. "Maji ya kunywa siuzi," alisema. Lakini aliyeyateka ni mimi, na bomba lilikuwa mbali.

Mchana ule akaja mchimbaji mmoja, mtu mzima, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, limemjaa hadi kwenye kope. Akaomba maji.

"Shikamoo. Yameisha," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Haidhuru," akajibu, akaenda zake.

Mama alisikia akiwa ndani. Alichota kikombe, akakimbia nacho barabarani, lakini yule mzee hakuonekana tena. Akarudi, akayamimina maji yale mtungini. Nikajua nitachapwa. Hakunigusa.

"Umesema yameisha," alisema taratibu. "Basi yameisha."

Akaufunika mtungi. Mpaka jua linazama sikuonja hata tone. Nilikaa kivulini, ulimi umenikauka, nikimchukia, hadi nilipomtazama usoni alipokuwa akichambua mchele. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Naye hakuwa amekunywa.