Karatasi Iliyokuwa Kwenye Pindo la Bibi

Siku niliyopanda ndege kwenda kwa mume wangu, bibi yangu aliwaamuru wanawake waliokuja kunisindikiza waache kuimba.

Wakaacha. Palepale, katikati ya ubeti.

Sababu ilikuwa tiketi. Nitawasimulia, lakini msinicheke sana. Nimeshajicheka mwenyewe mpaka nimechoka.

Mwaka ulikuwa 1957. Mimi ni Mwanarusi, wa Munje, huku Msambweni. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha wasichana, na kijiji kizima kilikuwa kikiniletea barua niwasomee.

Mimi ni mwenye haya. Niulize jambo mbele ya watu watatu, jibu linanikwama kooni.

Aliyenilea ni Bibi Mwanaima, mama yake baba. Yeye haya hazijui kabisa. Alikuwa akiniita "mke mwenzangu," kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu zao, na kila kisimani alikuwa akinitangaza.

"Mke mwenzangu anasoma Kizungu. Kizungu chochote, kileteni."

Mimi nilijua Kiingereza tu. Sikumsahihisha hata siku moja. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Akaja mshenga wa Mwinyihaji, kijana wa Vanga aliyekuwa fundi wa injini za boti huko Ngazija, visiwani Komoro, kwa Wafaransa. Bibi akampa sifa zangu zote, na za Kizungu chochote zikiwemo. Nikaozwa msikitini kwa wakili, bwana mwenyewe yuko ng'ambo.

Baada ya miezi mitano ikafika bahasha.

Ndani mlikuwa na tiketi ya ndege. Mlikuwa na karatasi ndefu yenye muhuri wa zambarau. Na kikaratasi kidogo cha mkono wake: "Hii ndefu utaielewa mwenyewe, mwalimu."

Bibi akaishika tiketi kwa ncha za vidole.

"Ya kwenda tu?"

"Ya kwenda tu, Bibi."

Akapiga kigelegele. Kwetu mume mwenye adabu huleta nauli ya kwenda peke yake. Akileta na ya kurudi, ni kama amekuletea talaka ukiwa bado hujatoka kwenu.

"Na hii ndefu inasemaje?"

Ukumbini walikuwa wamejaa wanawake, wote wananitazama mimi. Nikaikunjua. Kifaransa kitupu. Sikujua hata neno moja.

Ningesema "sijui," yangeishia pale.

"Anawasalimu nyote," nikasema. "Wewe hasa, Bibi. Anakushukuru kwa malezi."

Vigelegele vikarindima. Bibi akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Salamu zangu hizi. Nitakaa nazo mimi."

Nikaona nimeponea.

Wiki mbili kabla ya safari nikaenda Mombasa, kwenye ofisi ya tiketi, kuthibitisha siku. Karani alikuwa kijana mmoja mtulivu, Baya.

"Unakwenda kufanya nini huko, dada?"

"Kwa mume wangu."

"Kibali cha kukaa unacho?"

"Atakishughulikia nikifika."

"Basi unaingia kama mgeni wa matembezi. Na mgeni wa matembezi haingii mpaka aonyeshe atakavyotoka. Tiketi ya kurudi iko wapi?"

"Bibi arusi harudi, kaka."

Akatabasamu. "Najua. Dada yangu aliolewa Vanga mwaka wa saba huu, harudi hata kutuamkia. Lakini wenyewe kule wakikukataa, sisi tutakurudisha na ndege ileile. Lete tiketi ya kurudi, au dhamana ya maandishi kutoka kule."

"Dhamana sina," nikamjibu. Kwa uhakika kabisa.

Nilikuwa nimeweka mshahara wangu kidogo kidogo ninunue cherehani. Cherehani ikageuka tiketi ya kurudi, siku ileile. Nikaificha chini kabisa ya mkoba, chini ya sabuni na udi.

Njia nzima ya kurudi Munje nilikuwa najisemea, leo nitamwambia Bibi. Nikafika, nikamkuta anatwanga mchele wa karamu yangu, anaimba. Sikumwambia. Kesho yake vilevile. Nikajipa moyo kwamba nitaitoa kimyakimya, nani atajua ni tiketi ya nini?

Siku ikafika. Lori zima la wanawake wakanipeleka mpaka uwanja wa ndege, wanapiga pembe za vugo, ngoma ya arusi ya wanawake, tangu Msambweni, kwenye feri ya Likoni, mpaka mlangoni kwa wenyewe. Shangazi Esha ndiye aliyekuwa akitoa beti.

Mezani alikuwa Baya yuleyule. Kelele zilikuwa nyingi, ikambidi apaze sauti.

"Dada Mwanarusi, ile tiketi ya kurudi uliyonunua. Nionyeshe."

Bibi alikuwa amesimama ubavuni kwangu, kanga yake inanigusa mkono.

"Tiketi ya nini?" akauliza.

Nikaitoa. Sabuni ikaanguka chini na hakuna aliyeiokota.

"Nani amekununulia?"

"Mimi mwenyewe, Bibi."

"Mumeo ameleta ya kwenda. Wewe ukaongeza ya kurudi."

Nilitaka kumweleza habari ya mgeni wa matembezi. Jibu likakwama palepale linapokwama siku zote.

Bibi akawageukia wanawake. "Acheni kuimba. Hapa hapana arusi. Pana msafiri."

Hakuniwekea mkono kichwani kuniombea dua. Hakuniita mke mwenzangu. Alisema tu, "Haya, nenda, ndege isikuache," kama anavyoambiwa mtu baki.

Nilitembea mpaka kwenye ndege nikiangalia viatu vyangu.

Kutoka Unguja nikapanda nyingine. Ngazija nikapokelewa na Mwinyihaji, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mkaguzi akanirudishia tiketi mbele yake.

Akaiona. Akangoja mpaka tumefika nyumbani, tumekula.

"Mwanarusi, ile karatasi niliyokutumia umeiweka wapi?"

"Karatasi ipi, bwana?"

"Ya dhamana. Ile ndefu, yenye muhuri. Nilihangaika miezi minne kuipata, tajiri wangu akatia saini. Nilijua wataidai tiketi ya kurudi, na nilijua mkinunua itawauma wazee. Ukiwaonyesha ile, hawakuulizi neno."

Jamani.

Ile karatasi ilikuwa uwanja wa ndege. Ilikuwa kwenye pindo la kanga iliyokuwa ikinigusa mkono.

"Bibi yako alituambia unasoma Kizungu chochote," Mwinyihaji akasema, taratibu. Hakuwa akinilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nikamwambia yote. Akauliza, "Kwa hiyo niliwasalimu?"

"Ulimshukuru kwa malezi."

"Vizuri. Ningeandika hivyo hivyo."

Mwezi wa pili ikaja barua ya Shangazi Esha, ameandikiwa na mmoja wa wanafunzi wangu. "Bibi yako mzima, ila amenyamaza. Kisimani akiulizwa habari zako anajitwika mtungi anaondoka."

Bibi Mwanaima, kunyamaza. Usiku ule sikulala.

Nikamwomba mume wangu ruhusa. Akafungua kabati, akaitoa tiketi.

"Si unayo," akasema. "Nenda. Ila ukumbuke kuja."

Msambweni nikashuka na mkoba mmoja. Kabla sijafika nyumbani, habari zilishanitangulia. Nilizisikia nyuma ya ua wa makuti.

"Si yule mwalimu?"

"Ndiye. Ameachwa."

"Alijinunulia mwenyewe, mwenzangu. Amevuna alichopanda."

Bibi alikuwa barazani anachambua kunde. Hakuinuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeachwa?"

"Sijaachwa."

"Haya." Akachambua, akachambua. Kisha akafungua pindo la kanga. Karatasi ilikuwa pale, imelainika kwenye mikunjo. Akaninyoshea.

"Nisomee tena salamu za mume wako."

Nikaipokea. Mlangoni wameshajaa, Shangazi Esha mbele. Watu wengi kuliko siku ile.

"Bibi," nikasema, "sijui kuisoma hii."

Nikaikunjua, nikaiinua wote waione.

"Ni Kifaransa. Mimi najua Kiingereza tu. Zile salamu nilizitunga. Hii ni dhamana, kama ningejua nisingenunua ile tiketi. Nilikudanganya mbele ya watu, na mbele ya watu naomba radhi."

Nilikuwa nimeshaanza kulia.

Bibi akaendelea na kunde zake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba huisomi. Ulikuwa unatazama mlango. Mtu anayesoma hutazama karatasi."

"Sasa mbona hukusema?"

Hapo nikamwona Bibi Mwanaima, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, akiinamisha uso.

"Ningesemaje? Na mimi ndiye niliyewatangazia visima vyote. Nikaifunga kwenye pindo ili asije mtu akaipeleka kwa mwingine anayejua." Akafuta mikono. "Kisha pale kwa ndege nikakuona na tiketi, nikapata la kukukasirikia. Nilikosa, mke mwenzangu."

Mke mwenzangu. Nikaangukia mapajani mwake, kunde zikamwagika zote.

"Haya, ziokote," akasema. "Na wewe Esha, usisimame hapo kama nguzo. Ingia uokote."

Nilikaa wiki tatu, mpaka mume wangu akaleta nauli nyingine, ya kwenda tu. Safari hii lori likajaa zaidi, maana wote walitaka kuona itakuwaje.

Mezani, Baya.

"Dada, umerudi. Tiketi ya kutoka kule?"

Kabla sijafungua mdomo, Bibi akafungua pindo, akaiweka karatasi mezani, akasema kwa sauti ya kisimani:

"Tusomee wewe, baba. Sisi wenyewe hatujui."

Baya akaikunjua. Akaitazama juu, akaitazama chini. Akakuna kichwa.

"Hata mimi sijui, mama. Subiri nimwite anayejua."

Akaenda chumba cha pili, akarudi na mzee mmoja wa miwani. Mzee akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akagonga muhuri. Basi. Wanawake walikuwa bado hawajamaliza ubeti mmoja.

Bibi akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu mpaka Baya akawa anakohoa kutukumbusha ndege.

Nilipokuwa nakwenda nilikuwa nawaza jambo moja. Neno "sijui" lilimchukua Baya kitambo cha ubeti mmoja. Mimi kulikwepa kulinigharimu cherehani, dua ya bibi yangu, na miezi miwili ya kutazama viatu.

Mwenzangu unayesoma hapa, kama kuna karatasi umeishika na hujui inasema nini, mpe mtu akusomee leo. Wa pembeni yako huenda naye anatazama mlango.