Anayemweka Mama Ndiye Anayepika

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nyumbani kwetu Hounslow, hapa London. Mume wangu Musa na dada yake Jane walikuwa wameketi meza moja na hakuna aliyemtazama mwenzake. Katikati ya meza kulikuwa na chombo cha majivu ya mama yao. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeolewa. Kazi yangu ilikuwa kumimina chai na kunyamaza, na kunyamaza sijajua mpaka leo.

Kwetu Kenya mtu akifa, tunajua atazikwa wapi. Lakini mama mkwe alituagiza tuuchome mwili wake hapa hapa London, na kuhusu majivu hatukuwa na desturi ya kutuamulia. Musa alidai ni yake, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Jane akasema yeye ndiye aliyemwogesha Mama hadi mwisho.

"Ukiyachukua, usinihesabu tena kuwa dada yako," akamwambia. Niliogopa, maana hakuwa akitania.

Shangazi yao, aliyekuja kutoka mtaa wa Neasden, alimaliza chai yake kwanza.

"Alipokuwa hai mlikuwa mnapigiana simu: mchukue Mama, amenichosha. Leo kila mtu anamtaka?" Akapangusa mdomo. "Sawa. Mama yenu hakukaa nyumba isiyo na wageni, na wote aliwapikia. Atakayemweka atatupikia sote kila Jumapili. Chapati, si mkate wa dukani."

Musa, ambaye hata kuchemsha chai humshinda, akakohoa. "Jane, nikifikiria vizuri, labda akae kwako."

"Na hizi night shift zangu, nitapika saa ngapi nikitoka kazini asubuhi? Kaa naye wewe, si ndiye mtoto wa kiume?"

Wakatazamana. Jane akaanza kucheka, Musa akafuata, kisha wakalia huku wakicheka, wameshikana mikono. Nilifurahi mno. Tangu hapo mama mkwe anahamahama kama alivyofanya akiwa hai, mwezi kwetu, mwezi kwa Jane, na Jumapili tunamfuata tukale. Chapati za Musa ni ngumu, lakini tunazila.

Basi, mwanangu, siku mtakapogombania marehemu, kabla ya kuuliza nani ana haki naye, ulizaneni nani yuko tayari kuendeleza kazi yake. Wala usimpoteze ndugu yako kwa ajili ya mama aliyewazaa nyote wawili. Mungu akujalie ndugu wa kubishana nao, na kila ukibisha hodi kwao, wakufungulie wakicheka.