Mguu Ambao Sikuuosha

Tangu wazazi wetu walipofariki, mimi ndiye baba wa wadogo zangu, na sheria yangu ni moja: asiyeosha miguu halali ndani. Vumbi jekundu la Kasulo halina adabu.

Juzi bati lilinipasua mguu wa kulia, karibu na vidole. Kabla ya kwenda kushonwa niliusugua mguu huo mpaka ukang'aa, daktari asije akanidharau. Mado, kitinda mimba wetu, ambaye huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, alinisindikiza.

Daktari akakitazama kidonda, akaniita baba kwa heshima. "Tata, vua na kiatu ya kushoto. Mbele ya kushona, nataka kuona kama bidole ya miguu yote binainuka sawa."

"Ule hauna shida, dokta!"

Akakivua mwenyewe. Muuguzi akafungua dirisha.

"Yaya," Mado akaniuliza, "leo utalala wapi?"