Ubao wa Saba

Deicws alikuwa seremala wa kijiji chetu milimani Wales, na mimi ndiye niliyevuta msumeno upande wa pili. Kiambaza cha mbao kinachotenga madhabahu na waumini alikijenga yeye, mwaloni mtupu, bila msumari hata mmoja, kwa vigingi vya mbao tu. Juu alichonga mizabibu. Chini aliweka watakatifu kumi na wawili, kila mmoja na ubao wake. Wa saba alimpa uso wa Gwerful, binti yake, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Hakutuambia. Lakini kila Jumapili mkewe, Marared, alipitisha kidole kwenye lile shavu, nasi tukajifanya hatuoni.

Ikaja amri ya mfalme kutoka London: sanamu kanisani ni ushirikina, watakatifu wote wafutwe nyuso. Meurig, msimamizi wa kanisa, akamwita Deicws.

"Vigingi vyake unavijua wewe, fundi. Toa mbao, zipige randa, rudisha. Ukikataa wataleta mashoka, na hata mizabibu hutaiona."

Deicws akapiga randa mbao kumi na moja. Ule wa saba tuliuficha darini kwangu, chini ya nyasi kavu, na mahali pake akatia ubao mpya.

Meurig alikuja kukagua. Mbele hakutazama sana, akazunguka nyuma. Mafundi wetu hukata alama nyuma ya kila ubao, mkato mmoja, miwili, mitatu, ili kazi isichanganyike wakati wa kuunga. Deicws alizikata miaka mingi nyuma, na sasa hakuzikumbuka. Wala mimi.

"Huu wa sita," Meurig alisema, akihesabu kwa kidole. "Huu hauna kitu. Halafu wa nane. Fundi mzima, umesahau kuhesabu?"

"Alama imefutika."

"Kwenye mwaloni mgumu hivi? Acha utani, Deicws. Kamlete mtoto."

Kumbe naye alijua.

Nilitaka kusema ubao umeungua kwangu. Badala yake nikampisha Deicws apite.

Deicws aliuleta mwenyewe, ameukumbatia. Hakuruhusu mtu mwingine ashike randa. Alianzia kidevuni.

"Kazi safi," Meurig alisema.

Siku hizi Deicws anatengeneza vihori vya kulishia nguruwe tu. Marared humpakulia uji, hamsemeshi. Jumapili bado anapitisha kidole pale kwenye ubao laini. Mimi hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango.